Swali la Tano

Saa kumi alfajiri, Iowa, baridi ya kupasua chupa,
nimeitwa kuja kutafsiri.
Kiwanda cha nguruwe huoshwa usiku
ili asubuhi kianze kama hakijawahi kuchinja.
Mvuke, klorini, mafuta yaliyoganda kwenye minyororo.
Mkaguzi wa serikali, Bi Haugen, amevaa buti za mpira zilizomzidi mguu,
mkononi fomu ya maswali kumi na mawili.

Fomu hiyo naijua. Si hii yenyewe, dada yake.
Niliibeba miaka sita katika tumbaku ya Chunya,
afisa kazi daraja la pili, pikipiki moja,
petroli lita kumi kwa wiki; zikiisha, wiki imeisha.
Ubavuni mwa tangi kibandiko: msaada wa watu wa Amerika.
Watoto waliijua kwa mlio.
Tukifika, matuta yalikuwa matupu,
majani yanatikisika na upepo hakuna.

Mmoja nilimpata, hakuweza kukimbia,
umande wa tumbaku ulikuwa unamtapisha.
Nikaandika: ameondolewa kazini. Hiyo Jumatatu.
Alhamisi nikamkuta banini anapanga kuni.
Shikamoo, akasema. Marahaba, nikasema.
Ningesema nini tena?
Ripoti ya mwaka ilihesabu mia mbili na kumi na wanne, na yeye yumo.
Ukumbini watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi.

Sasa kijana amesimama mbele yetu,
helmeti imemfunika nyusi.
Jina? Asukulu.
La baba? Anasita, kama anasoma ubao wa mbali. Mmunga.
Kazi? Naosha musumeno.
Dawa ya povu imemla vidole,
ngozi inachunika nyembamba, kama ya kitunguu.
Swali la tano. Kalamu inangoja.
"Niko na kumi na kenda."

Kenda!
Nyumbani kwetu aliyebaki akisema kenda ni bibi,
akihesabu mayai.
Nikatafsiri nilivyoapa: usiongeze, usipunguze.
Bi Haugen akamtazama shingo.
Shingo haina kumi na kenda.
Ina kumi na nne, kwa kuikopesha.

"Mwambie hatujaja kumkamata. Mwambie sheria iko upande wake."
Nikamwambia. Maneno yalitoka yenyewe,
yalishaizoea njia.
Kisha nikaongeza langu, kinyume cha kiapo:
hata mimi, kwetu, nilikuwa na kazi kama ya mama huyu.

Pampu ikazimwa upande wa pili. Maji yakabaki yanadondoka.
Asukulu akaniangalia mimi, si yeye.
"Wale batoto mulitosha," akasema, "balienda wapi?"

Mulitosha.
Kwao Fizi kutosha ni kutoa: unatosha mwiba, unatosha jino.
Kwetu kutosha ni chakula kufika hadi mtu wa mwisho.
Nikasimama kati ya maneno mawili yenye sura moja,
na hakuna hata moja nililokuwa na jibu lake.

"Anasemaje?" akauliza Bi Haugen.
Nikamweleza. Yote, na kutosha zote mbili.
Hakuandika. Aliigeuza karatasi, akatafuta nyuma,
akairudisha kama ilivyokuwa.
Ni mtu mwema, nadhani. Pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi.
Akasema kampuni itatozwa faini, na faini itakuwa kubwa.
Sikujua hilo nimtafsirie nani.

Tulikuwa swali la nane, dirisha limeanza kupauka,
taa za njano zikapita taratibu nje ya geti, zinawaka, zinazima.
Kijana akavua glovu, moja, halafu ya pili kwa meno.
Akaniomba nimuulize mama
kama maswali yaliyobaki ni mengi,
maana lile ndilo basi lake la shule.